Chama cha Jumuiya Kikigusa Siasa Marekani: Jinsi ya Kulinda Msamaha wa Kodi Mbele ya IRS

Vyama vingi vya Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi walioko Marekani huanzia msibani. Watu wanachangiana kusafirisha maiti, kisha wanaanzisha sherehe ya uhuru, kisha madarasa ya Kiswahili kwa watoto kila Jumamosi. Siasa huja baadaye, na huja yenyewe. Bunge la jimbo linajadili leseni za udereva kwa wahamiaji, halmashauri inataka kufunga kituo cha afya cha mtaani, mgombea anaomba dakika tano za kusalimia watu kwenye sherehe. Siku hiyo chama kinakuwa kimeingia eneo ambalo Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS, hulitazama kwa jicho kali.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vyama hivyo, na zaidi ni wa katibu na mweka hazina, kwa kuwa ndio wanaoshika karatasi na IRS huhukumu kwa karatasi. Nia njema haina pa kujazwa kwenye fomu. Kabla ya kusaini chochote kizito, mwoneni wakili au mhasibu anayejua vyama visivyo vya faida. Ila mwendeeni mkiwa mmeshapanga mambo yenu, maana saa yake ni ghali.

Kwanza jueni yaliyotokea 2010 hadi 2013

Maswali mtakayoulizwa leo, na kinga mlizo nazo, yametokana na kashfa moja. Mwaka 2010 maofisa wa IRS mjini Cincinnati, Ohio, wanaoshughulikia maombi ya msamaha wa kodi, walianza kuyachambua maombi kwa kutazama majina. Kundi lililojiita "Tea Party", "Patriots" au "9/12", majina ya makundi ya kihafidhina, liliwekwa pembeni. Mwaka uliofuata kipimo kilipanuliwa kikagusa hata misimamo: aliyezungumzia deni la serikali au matumizi yake, au aliyekosoa namna nchi inavyoendeshwa, naye akawekwa pembeni.

Tarehe 10 Mei 2013 Lois Lerner, aliyekuwa akiongoza kitengo cha vyama vyenye msamaha, aliomba radhi hadharani. Siku nne baadaye ikatoka ripoti ya TIGTA, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hazina kwa masuala ya kodi. Maombi 296 yaliyotiliwa shaka ya siasa yalipitiwa kufikia Desemba 2012. Kati yake 108 yalikubaliwa, 28 yaliondolewa na waombaji wenyewe, na 160 yalikuwa bado yamekaa, mengine siku 206, mengine siku 1,138. Hakuna hata moja lililokataliwa. Mengine yalivuka chaguzi mbili yakiwa kwenye meza ya mtu. TIGTA ilichunguza pia makundi 170 yaliyoandikiwa barua za kutaka maelezo zaidi, ikakuta 98 yameulizwa mambo yasiyohitajika. Makundi 27 yalidaiwa majina ya wafadhili wao.

Mwaka 2017 TIGTA ilitoa ripoti ya pili ikionyesha kuwa majina ya upande wa kushoto, kama "Progressive" na "Occupy", nayo yaliwahi kutumiwa kuchuja. Oktoba mwaka huohuo serikali ilimaliza kesi za makundi ya kihafidhina kwa maridhiano, na IRS ikaomba radhi kwa maandishi. Wizara ya Sheria ilikuwa imeshafunga uchunguzi wake Oktoba 2015 bila kumshitaki mtu.

Angalieni namba hizo vizuri. Makundi yale hayakuumizwa na neno "hapana", yaliumizwa na kusubiri. Hatua zote zinazofuata zinalenga jambo hilo: msiwe mahali ambapo kazi yenu inasimama kwa sababu barua haijajibiwa.

Hatua ya 1: Chagueni fungu kabla ya kufungua akaunti ya benki

Sheria ya kodi ya Marekani ina mafungu matatu yanayowahusu.

501(c)(3) ni la hisani, elimu na dini. Mfadhili anaweza kupunguziwa kodi yake kwa alichowapa. Kwa kubadilishana na faida hiyo, tangu 1954 ni marufuku kabisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote. Si marufuku ya kiasi, ni sifuri. Kushawishi wabunge kuhusu sheria kunaruhusiwa kwa kiwango kidogo.

501(c)(4) ni la ustawi wa jamii. Mchango wa mfadhili haumpunguzii kodi. Ushawishi wa sheria unaohusiana na lengo lenu hauna ukomo. Kampeni za wagombea zinaruhusiwa, mradi zisiwe ndiyo kazi kuu ya chama. Sheria yenyewe inasema chama kiendeshwe kwa ajili ya ustawi wa jamii "pekee", lakini kanuni ya 1959 imelitafsiri neno hilo kuwa "hasa". Mgogoro wote wa miaka ile umelala kwenye pengo kati ya "pekee" na "hasa". IRS ilijaribu kuandika kanuni mpya Novemba 2013, ikapokea maoni zaidi ya 150,000, ikaiondoa Mei 2014. Tangu mwisho wa 2015 Bunge limekuwa likiifungia fedha kazi hiyo kwenye sheria za bajeti.

Fungu la 527 ni la kundi ambalo kazi yake hasa ni uchaguzi. Linatangaza wafadhili na matumizi yake. Likitarajia kukusanya dola 25,000 au zaidi kwa mwaka, linatakiwa kujaza Fomu 8871 ndani ya saa 24 tangu kuundwa.

Sasa tahadhari ambayo vyama vyetu hujikwaa nayo sana. Chama kinachokusanya ada na kulipa rambirambi kwa wanachama wake tu si chama cha ustawi wa jamii machoni pa IRS. Mwaka 1975 ilitoa uamuzi kuhusu kundi la watu wa kabila moja waliokuwa wakilipana mafao ya ugonjwa na kifo, ikasema halistahili 501(c)(4) kwa kuwa faida inabaki kwa wanachama. Sherehe na mechi za mpira zikiwa ndiyo kazi kuu, jibu ni lilelile. Kama mfuko wa misiba ndio moyo wa chama chenu, utengeni: uwe na kitabu chake na akaunti yake, na wakili awaambie usajiliwe kwa namna gani. Msiuingize kwenye ombi la (c)(4) mkitumaini hautaonekana.

Kosa jingine halirekebishiki. Chama cha (c)(3) kikipoteza hadhi kwa sababu ya kampeni au ushawishi uliopindukia, hakiwezi kugeuka kuwa (c)(4). Kifungu cha 504 kimefunga mlango huo. Mkiona mbele kuna siasa, anzisheni (c)(4) ya pembeni mapema, yenye bodi yake, akaunti yake, na mkataba unaoonyesha inalipia sehemu yake ya pango la ofisi na mishahara.

Hatua ya 2: Taarifa na ombi

Sajilini chama kwenye jimbo, mchukue namba ya EIN, yaani namba ya utambulisho wa kodi ya chama, kutoka IRS, kisha hesabuni siku.

Kwa (c)(4), Fomu 8976 inatumwa kwa mtandao ndani ya siku 60 tangu chama kuundwa, kwa ada ya dola 50. Kikiandikishwa jimboni tarehe 3 Machi, mwisho ni tarehe 2 Mei. Mkichelewa, adhabu ni dola 20 kwa siku hadi dola 5,000, maana yake siku 90 za uzembe zinagharimu dola 1,800. Fomu hii ilitokana na sheria ya Desemba 2015 iliyopitishwa baada ya kashfa, na ndiyo kinga yenu ya kwanza dhidi ya kusubiri: (c)(4) haihitaji ruhusa ili ianze kazi. Inatoa taarifa, inapokea uthibitisho kuwa taarifa imefika, inaendelea.

Uthibitisho huo lakini si uamuzi. Mkitaka barua ya IRS inayosema mnastahili, jazeni pia Fomu 1024-A kupitia Pay.gov, tovuti ya malipo ya serikali, ada dola 600. Kwa chama kidogo ambacho benki na wafadhili hawadai barua hiyo, tunaona ni afadhali kungoja mwaka mmoja, mkajenga kumbukumbu safi, ndipo muombe mkiwa na hesabu za kuonyesha. Ombi la chama kisicho na historia hujazwa ahadi, na ahadi ndizo zinazozaa maswali.

Kwa (c)(3) ombi ni la lazima kwa walio wengi. Fomu 1023 ni dola 600. Ile fupi, 1023-EZ, ni dola 275, kwa chama ambacho mapato hayazidi dola 50,000 kwa mwaka na mali haizidi dola 250,000. Itumeni ndani ya miezi 27 tangu mwisho wa mwezi mliosajili chama, ili msamaha uhesabiwe tangu siku ya kwanza.

Mnapoeleza shughuli zenu, andikeni vitendo. "Kuelimisha jamii kuhusu haki zao" ni sentensi inayoalika barua. Andikeni hivi: "Kila Jumamosi ya pili, kwa muda wa saa mbili, watu 15 hadi 25, ukumbi wa maktaba, mada ni mkataba wa nyumba na haki za mpangaji. Wanafundisha watu wawili wa kujitolea. Gharama dola 60 kwa kikao." Ofisa akishaona picha hiyo, hana la kuuliza. Kama mnapanga kampeni, semeni hivyohivyo, pamoja na kiasi cha fedha na saa. Fomu inasainiwa chini ya adhabu ya kusema uongo. Tena ombi likikubaliwa linakuwa wazi kwa umma pamoja na viambatisho vyake, hivyo msiambatishe kitu ambacho hamtaki jirani akisome.

Hatua ya 3: Jifunzeni kutofautisha kazi tatu

Elimu, ushawishi wa sheria na kampeni ya mgombea ni kazi tatu, na karatasi moja inaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine kwa maneno mawili tu. Chukueni kipeperushi hiki:

"Mswada wa leseni za udereva unapigiwa kura Alhamisi. Mpigie simu mbunge wako umwambie aupitishe."

Huo ni ushawishi. (c)(4) iutoe itakavyo, (c)(3) iutoe kwa kiasi. Sasa ongezeni mstari mmoja: "Mbunge wa wilaya yetu aliupinga mwaka jana. Mkumbukeni Novemba." Sasa ni kampeni. Neno "msimchague" halimo, lakini Novemba ni uchaguzi na mtu ametajwa.

IRS hutazama mazingira yote, na imeeleza vipimo vyake katika uamuzi wa 2007 wenye mifano 21. Je, mgombea ametajwa au kuonyeshwa picha? Amesifiwa au amelaumiwa? Tangazo limetoka karibu na uchaguzi? Limetaja kupiga kura? Ni suala linalowatenganisha wagombea? Upande wa kuwatetea: je, ni sehemu ya mfululizo mlioufanya hata miaka isiyo ya uchaguzi? Je, siku yake imefuata jambo nje ya uchaguzi, kama kura ya mswada? Swali hili la mwisho ndilo litawaokoa, na halitajibika bila tarehe. Hifadhini tangazo la kikao cha bunge pamoja na kipeperushi chenu, kwenye faili moja.

Mgombea anayetaka kusalimia kwenye sherehe: kwa (c)(3), mwaliko uende kwa wagombea wote wa nafasi hiyo, kwa barua au barua pepe yenye tarehe moja, wapewe muda sawa, na mwenyekiti aseme kwenye maikrofoni kuwa chama hakina upande. Asiyekuja, hifadhini nakala ya mwaliko wake. Harambee ya kumchangia mgombea isifanyike pale, hata kwa kapu linalozungushwa "kwa hiari". Ukumbi mkimkodisha mmoja, bei na masharti yawe yaleyale kwa wengine.

Kuandikisha wapiga kura kunaruhusiwa hata kwa (c)(3) kama hakuna upande. Hapa tunasisitiza kwa sababu ya watu wetu: asiye raia akijiandikisha au akipiga kura, hata kwa kutokuelewa, anaweza kufukuzwa nchini. Wekeni bango kubwa la Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza juu ya meza, "Raia wa Marekani tu", na anayeshika fomu aulize kabla ya kumpa mtu kalamu. Akijibu "nina kadi ya kijani", mshukuruni, mumweleze kwa upole, msimpe fomu.

Kiongozi anabaki na haki yake ya kusema kama mtu binafsi. Asiitumie haki hiyo kwenye kikao cha chama, kwenye jarida la chama, wala kwa akaunti ya chama. Kundi la WhatsApp lenye nembo ya chama na viongozi wake ndio wasimamizi ni bora mlichukulie kama jarida la chama. Picha ya mgombea iliyosambazwa na katibu saa tano usiku itachukuliwa skrini kabla hajaifuta. Sheria ya kundi iandikwe mara moja ibandikwe juu: hakuna wagombea humu. Wanaotaka kampeni wafungue kundi lao lenye jina jingine.

Na uchaguzi wa nyumbani je? Wakenya walipiga kura wakiwa Marekani mwaka 2022, Wakongo mwaka 2023, na waheshimiwa huja kutafuta kura na michango. Kifungu cha (c)(3) kinasema mgombea yeyote wa ofisi ya umma, hakikuongeza "wa Marekani". Mpokeeni kila mgombea wa nyumbani kwa masharti yaleyale. Tawi la chama cha siasa cha nyumbani lisijifiche ndani ya chama cha jumuiya, kwa sababu anayekusanya fedha au kufanya siasa Marekani kwa niaba ya chama cha nchi ya nje anaweza kutakiwa kujiandikisha Wizara ya Sheria chini ya sheria ya mawakala wa nje ya 1938. Hilo si suala la kodi tena.

Kwa nyumba za ibada: kanisa moja karibu na Binghamton, New York, lilipoteza hadhi yake kwa sababu ya matangazo ya gazetini ya 1992 dhidi ya Bill Clinton, aliyekuwa mgombea urais, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na IRS mwaka 2000. Julai 2025 IRS iliiambia mahakama ya Texas kuwa kauli za ndani ya ibada kwa waumini hazipaswi kuguswa. Hoja hiyo ilihusu nyumba za ibada tu. Chama cha jumuiya kisijifunike kwayo.

Hatua ya 4: Daftari la saa na fedha

Hakuna asilimia kwenye sheria inayosema "hasa" ni ngapi. Namba ya karibu zaidi tuliyo nayo ni ya 2013: ili kuondoa mrundikano, IRS ilitoa njia ya haraka kwa makundi yaliyoahidi kuwa asilimia 60 au zaidi ya fedha zao, na asilimia 60 au zaidi ya muda wao, ni kwa ustawi wa jamii, huku kampeni ikiwa chini ya 40. Muda wa wanaojitolea ulihesabiwa. Huo haukuwa kanuni ya kudumu, lakini unawaonyesha ofisa anahesabu nini. Sisi tunashauri msipite 30 kwa vyote viwili.

Tazameni hesabu ya mfano. Chama cha (c)(4) kimetumia dola 36,000 mwaka wa uchaguzi: madarasa 14,000, ushauri wa uhamiaji 9,500, ushawishi bungeni 3,500, ofisi 4,000, vipeperushi vya mgombea 5,000. Mweka hazina anagawanya 5,000 kwa 36,000, anapata asilimia 14, analala vizuri. Kisha mtu anafungua daftari la saa. Mwaka mzima watu wametoa saa 900, na 520 zilikuwa za kugonga milango wiki tano kabla ya uchaguzi. Hiyo ni asilimia 58. Gharama za ofisi nazo zifuate saa: asilimia 58 ya dola 4,000 ni kama 2,300, basi fedha za kampeni ni 7,300, asilimia 20. Fedha imepona, muda umeanguka. Chama hiki kilitakiwa kuiona hali hiyo Septemba, kikapunguza milango au kikapeleka kazi hiyo kwenye kundi la 527.

Daftari lenyewe liwe jepesi, la sivyo halitajazwa. Safu sita zinatosha: tarehe, jina, kazi, saa, dola, herufi. Herufi ni E kwa elimu na huduma, U kwa ushawishi, K kwa kampeni, O kwa ofisi. Mfano wa mstari: "12/10, watu 4, kugonga milango kwa ajili ya mgombea udiwani, saa 3 kila mmoja, mafuta dola 22, K". Lijazwe usiku uleule. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja mwezi Machi, kwa ajili ya barua iliyofika Februari, hujulikana. Kila robo mwaka mweka hazina asome jumla za herufi mbele ya bodi na ziingie kwenye muhtasari wa kikao.

Kwa chama cha (c)(3) kinachofanya ushawishi, Fomu 5768 ni zawadi inayosahaulika. Mkiijaza, kipimo cha "kiwango kidogo" kinageuka kuwa namba: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya kazi zenu, na robo yake tu ndiyo iende kwa kuhamasisha umma uwapigie wabunge. Chama cha dola 60,000 kinajua kuwa ukomo wake ni 12,000, na 3,000 kwa umma. Muda wa wanaojitolea hauhesabiwi hapo, maana hawalipwi.

Hatua ya 5: Fedha za kampeni na wasio raia

Sheria ya uchaguzi inakataza mgeni kutoa au kutumia fedha kwenye uchaguzi wowote wa Marekani, wa shirikisho, wa jimbo au wa mji. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ni mgeni kwa maana hiyo. Mwenye ukaazi wa kudumu si mgeni, anaruhusiwa. Mgeni anaweza kujitolea bila malipo, ila asikae kwenye uamuzi wa fedha za kampeni ziende wapi.

Bodi zetu zimechanganyika. Kwa hiyo undeni kamati ndogo ya raia na wakaazi wa kudumu, bodi iikabidhi uamuzi huo kwa azimio la maandishi, na fedha za kampeni zitoke kwenye akaunti ya pembeni inayopokea michango ya wanaoruhusiwa tu. Michango iliyotumwa kutoka Nairobi au Dar isikanyage akaunti hiyo.

Hatua ya 6: Ritani za kila mwaka

Mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 ni 990-N, dakika kumi mtandaoni. Chini ya dola 200,000 na mali chini ya 500,000 ni 990-EZ. Zaidi ya hapo ni 990 kamili. Mwisho ni tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu kuisha, yaani 15 Mei kwa wanaofuata kalenda. Miaka mitatu mfululizo bila ritani, hadhi inafutika yenyewe bila mtu kukaa kikao. Hii huua vyama vingi kuliko siasa: orodha ya kwanza ya waliofutwa, ya 2011, ilikuwa na vyama takriban 275,000. Kila katibu mpya akikabidhiwa muhuri, akabidhiwe na nywila ya akaunti ya IRS.

Wanaojaza 990 au 990-EZ na wamefanya kampeni wanaambatisha Jedwali C. (c)(4) iliyotumia fedha kwa kampeni inaweza pia kudaiwa Fomu 1120-POL. Kodi ni asilimia 21 ya kilicho kidogo kati ya mapato ya uwekezaji na fedha za kampeni, baada ya kutoa dola 100. Mkiwa na riba ya benki dola 300 na kampeni dola 5,000, mnalipa 42. Ni kidogo. Msiiache, kwa sababu 990 inayokiri kampeni bila 1120-POL ni uzi unaoning'inia.

(c)(3) iliyoteleza ikatumia fedha kwa mgombea inatozwa asilimia 10 ya fedha hizo, na 100 isiporekebisha. Rekebisheni haraka: rudisheni fedha kadiri inavyowezekana, andikeni mlichofanya na namna ya kuzuia isijirudie.

Hatua ya 7: Barua ikija

Mtu yeyote anaweza kuwashitaki kwa Fomu 13909, hata mwanachama aliyegombana na mwenyekiti. Kwa hiyo barua si ushahidi kuwa mna kosa.

Soma kwanza ni barua gani: ya maelezo ya ziada kwenye ombi, au ya ukaguzi? Andika tarehe ya mwisho ukutani. Kama haitoshi, omba nyongeza kwa simu na kwa maandishi kabla haijapita, maana ombi lililonyamaza hufungwa. Mkimtumia wakili, mpeni Fomu 2848 ili ofisa azungumze naye.

Jibuni kila swali kwa namba yake, kwa mambo yaliyotendeka, na kiambatisho chenye tarehe. Swali likigusa majina ya wafadhili, imani za wanachama, au kama kiongozi ana nia ya kugombea siku zijazo, msitume mbio. Ulizeni kwa maandishi na kwa heshima linahusiana vipi na sheria. Hayo ndiyo maswali ambayo TIGTA iliyataja kuwa hayakuhitajika, na tangu 2020 (c)(4) haitakiwi kupeleka majina ya wafadhili hata kwenye ritani, ingawa lazima iyahifadhi.

Mkiona mmelengwa kwa jina au msimamo, jueni mambo mawili. Sheria ya 2015 inaruhusu mfanyakazi wa IRS afukuzwe kazi kwa kutumia ukaguzi kisiasa. Na kifungu cha 7217 cha sheria ya kodi kinamkataza Rais, Makamu wake na wasaidizi wao kuagiza ukaguzi wa mlipakodi fulani. Wekeni kumbukumbu ya kila simu: siku, saa, jina na namba ya ofisa, alichosema. Malalamiko ya utovu huenda TIGTA. Ucheleweshaji unaowaumiza hupelekwa kwa Mtetezi wa Walipakodi kwa Fomu 911.

Ikija barua ya kupendekeza kukataa, mna siku 30 za kukata rufaa ndani ya IRS. Msizipoteze, kwa sababu mahakama itauliza kwanza kama mlitumia njia za ndani. Na ombi likikaa siku 270 bila uamuzi ilhali mmejibu kila kitu kwa wakati, sheria inawaruhusu (c)(3) na, tangu 2015, (c)(4) pia, kwenda mahakamani kuomba tamko kuhusu hadhi yao. Hesabuni siku hizo tangu siku ombi lilipopokewa, na mwandike tarehe ya 270 kwenye kalenda ya bodi siku ileile mnapobonyeza kitufe cha kutuma.